Nusu Saa za Mjomba Odell

Flint, Michigan
Jumamosi, 1 Machi 1997

Mpendwa Mama Mkubwa Verlene,

Shikamoo nyingi kutoka kwa mwanao wa kwenye baridi. Kabla sijasema lolote nataka kujua hali yako. Goti linaendeleaje? Bado unapanda ngazi za kanisa kwa kushikilia ukuta huku ukijifanya unasalimiana na watu? Binamu Cleavon aliponipigia simu alisema sasa unatembea mwenyewe mpaka posta. Nilifurahi, ingawa namjua Cleavon, habari mbaya hazimtoki mpaka uzivute kwa koleo.

Sisi huku tunaamka na kwenda kazini, kwa hiyo tuseme wazima. Janae ametimiza miaka kumi na miwili na miguu yake imeshanifikia, jana nimemkuta na buti zangu na mimi nikatoka na zake. Theluji imekaa mpaka imekuwa nyeusi. Jamu ya tini uliyotuma ilifika salama, chupa moja tu ilipasuka kifuniko, nayo tuliila siku hiyo hiyo ili isiharibike. Ndivyo tulivyoambiana.

Sasa kaa kitako, Mama Mkubwa. Barua hii naiandika na roho yangu iko mkononi. Nimeianza mara tatu na kuichana, maana kila nikianza naona uso wako. Ni habari za mdogo wako, Mjomba Odell. Hajalazwa, hajaumia, anaenda kazini kila siku, usiruke kwenye kiti. Lakini naogopa. Naogopa tangu mwezi uliopita, na nikikueleza lililotokea utaogopa pamoja nami, na hilo ndilo ninalolitaka, Mungu anisamehe.

Unajua kwamba ninasoma. Unajua pia kwamba kampuni ndiyo inayonilipia chuo, kwa sababu imo kwenye mkataba wa chama chetu cha wafanyakazi: ukisoma jioni na ukafaulu, ada ni juu yao. Kwa miaka mingi lile tangazo lilikaa ukutani karibu na mashine ya kahawa na hakuna aliyelitazama. Sisi wa kwenye mstari wa kuunganisha magari tulijua ni la watu wa ofisini. Mjomba ndiye aliyelibandua akalitia ndani ya kopo langu la chakula, juu ya mkate. Nikamuuliza na yeye mbona hakulitumia miaka yote hiyo. Akasema, “Mimi lilinikuta tayari nina mgongo. Wewe bado una kichwa.”

Basi ndiyo nikaanza uhasibu. Wananiita Profesa mpaka leo. Lamar, yule mnene anayefunga taa mbele yetu, kila asubuhi ananiuliza, “Profesa, umeshajua kwa nini mshahara wangu hauvuki Jumatano?” Ninamwambia kwa sababu hauvuki baa ya Jumanne. Tunacheka, siku inaanza.

Lakini kuna kitu sikuwahi kukuambia, na bila hicho hutaelewa hofu yangu. Kampuni inalipa ada. Muda wa kusoma hainipi. Nikitoka kazini saa nane na nusu mchana kuna Janae, kuna kupika, kuna darasa. Muda wa kusoma nimepewa na Mjomba, pale pale kwenye mstari, miaka minne sasa.

Sisi tunakuita kubebana. Kila mmoja ana kazi yake: Mjomba anafunga mikanda ya viti vya nyuma, mimi natandika zulia. Magari yanakuja moja baada ya jingine, unaingia, unainama, unakaza, unatoka, jingine hilo hapo. Ukizoea, kazi yako inakuachia pumzi kidogo katikati. Basi wawili wanaoelewana hupatana hivi: kwa nusu saa mmoja anafanya kazi zote mbili, mwenzake anakaa nyuma ya marundo ya mazulia. Nusu saa ikiisha wanabadilishana. Hakuna gari linalopita bila kukamilika, hakuna anayelalamika. Msimamizi anajua na hajui. Huyu anapumzisha mgongo, yule anasikiliza mpira redioni, Lamar analala na mdomo wazi. Mimi nasoma.

Na wiki za mitihani Mjomba hunipa hata nusu saa zake. “Kaa, kaa,” ananiambia, “mimi leo sijachoka.” Mimi nilikuwa nakaa. Nilimwamini, Mama Mkubwa. Mtu akikuambia hajachoka na wewe una mtihani Ijumaa, unamwamini haraka sana.

Ilikuwa imebaki muhula mmoja, na katika muhula huo kuna somo moja nililokuwa nalikwepa tangu mwanzo: kuzungumza mbele ya watu. Chuo hakikupi shahada bila hilo. Unanijua mimi, nyumbani mdomo wangu haufungwi hata kwa kamba, lakini nisimamishe mbele ya watu nisiowajua uone. Siku ya ubatizo wangu niliuliza kama Mchungaji anaweza kusema maneno kwa niaba yangu.

Mwalimu wetu ni Bi Kowalczyk, mama mpole mwenye miwani ya kamba. Akatuambia kila mtu azungumze dakika kumi juu ya kitu anachokijua kuliko mtu yeyote. Mimi nikachagua pai yako ya mapichi. Nilifanya mazoezi na Mjomba ndani ya gari, kwenda na kurudi, mpaka akawa ananikosoa. “Umesahau siagi. Verlene akisikia umesahau siagi atapanda basi aje akuchape.”

Siku ilipofika, mwanamke aliyetangulia akasimama na kuzungumza juu ya pai ya tufaha ya bibi yake. Alileta na sampuli. Watu wakala wakapiga makofi. Jina langu likafuata. Nilisimama pale, siwezi kusema juu ya pai watu wakiwa bado wanaramba vidole, na kichwani hakuna kitu kingine. Nikatafuta kitu ninachokijua kuliko mtu yeyote. Nikawaeleza kubebana.

Niliwaeleza vizuri, Mama Mkubwa. Hilo ndilo linaloniuma. Hofu ilinitoka nikawa kama niko jikoni kwako. Niliwaonyesha kwa mikono jinsi Mjomba anavyoingia na mkanda kwenye bega na zulia kwapani ili asirudi mara mbili. Niliwaonyesha Lamar anavyolala. Walicheka mpaka Bi Kowalczyk akavua miwani kufuta macho. Hakuna mtu wa mstari ambaye angelisema hilo mbele ya mgeni, hata mkewe humwambia nusu nusu. Mimi nililisema mbele ya watu ishirini kwa sababu nilidhani darasani hakuna kiwanda.

Nyuma kabisa alikaa kijana mmoja mwembamba, Mzungu, shati limepigwa pasi, mgeni katika darasa. Akanyoosha mkono. Akauliza kwa adabu, “Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kufanya kazi zote mbili bila kuchelewa?”

Nami nikajibu, kifua mbele, “Mjomba wangu anafanya bila kutoa jasho.”

Makofi tena. Nikarudi kukaa nikijiona nimezaliwa upya.

Darasa lilipotoka akanisubiri mlangoni. Akasema anaitwa Strand, na kwamba sisi ni wafanyakazi wenza, naye analipiwa ada na kampuni kama mimi. Nikamuuliza yuko idara gani. Akasema yuko ofisi ya vipimo. Ni wale wanaokuja na saa ya kupimia, Mama Mkubwa. Wanasimama nyuma yako, wanabonyeza, wanaandika, na wiki inayofuata penye watu watatu pana watu wawili. Hata chakula wanakula peke yao.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Janae aliniuliza hotuba ilikwendaje, nikasema vizuri, nikaenda kusimama bafuni na maji yakitiririka.

Hofu yangu mwanzoni ilikuwa hii. Kubebana kunawezekana kwa sababu baada ya nusu saa unakaa. Mtu wa vipimo haoni kukaa. Anaona mtu mmoja amefanya kazi za wawili. Wangetoa amri: kazi hizi mbili ziwe moja, zamu nzima, kila siku. Mimi ningepelekwa kwingine au mlangoni. Mjomba, mwenye miaka mingi kuliko wote pale, angebaki na zote mbili peke yake, akiwa na miaka hamsini na saba na mgongo ule unaoujua. Na Mei mwaka huu ndiyo anatimiza miaka thelathini ya kazi, atoke na pensheni yake. Mei hiyo hiyo na mimi ndiyo navaa joho. Alikuwa ameshanunua tai ya siku hiyo.

Siku mbili baadaye nikasikia kugongwa. Ni ishara yetu: wa kwanza anayemwona mtu wa vipimo anagonga chuma kwa spana, wa pili anapokea, inashuka na mstari mzima mpaka mwisho. Kila mtu anarudi kwenye kazi yake na mikono inakuwa mizito kwa makusudi. Strand akaja moja kwa moja mpaka kwetu. Hakunitazama usoni. Akampima Mjomba, akanipima mimi, akaandika, akaenda kunong’ona na msimamizi. Lamar akasema, “Huyu kapotea njia? Miaka sita hawajafika huku.” Mjomba akasema labda anatafuta choo.

Mwisho wa zamu msimamizi akatangaza: Alhamisi ya wiki ijayo watajaribu kazi zetu mbili kwa mtu mmoja, na mtu huyo ni Odell. Mimi siku hiyo ningesimama pembeni.

Nilimwambia Mjomba ndani ya gari. Tulikuwa tumeegesha mbele ya nyumba yangu, injini inanguruma. Nilieleza yote, pai ya tufaha, makofi, swali, jibu langu. Nililia kama mtoto. Yeye alishika usukani akitazama mbele. Nilitamani anitukane. Mwishowe akasema, “Kwa hiyo ile siagi yote niliyokukumbusha ukaitupa.”

“Mjomba, mimi nakwambia nimekuua wewe unaongea siagi.”

“Hujaniua. Niachie mimi. Watu hawa nilianza kuwachezea kabla hujaota meno.”

Alhamisi ikafika. Nikasimama pembeni karibu na mazulia yangu, mikono mitupu, sijui niiweke wapi. Strand upande wa pili na saa yake. Mjomba akaanza.

Sijawahi kumwona mdogo wako akifanya kazi vibaya, na sidhani hata wewe umewahi. Siku ile alianza kujikokota. Akaingia garini bila mkanda, akarudi kuuchukua. Akaangusha nati, akaifuata chini ya gari kama mtu anayetafuta shilingi iliyopotea, huku akinung’unika kwa sauti kwamba macho siku hizi hayamsaidii. Gari likapita bila zulia. Likapita jingine. Mstari mzima unatazama, vijana aliowafundisha kazi wanatazama, na yeye anajitia uzee mbele yao bila haya. Lamar aliniminya kiwiko, anacheka kimoyomoyo. Na mimi nilikuwa nacheka. Nilitaka kupiga makofi.

Iliendelea saa mbili. Kuelekea mwisho alikuwa anaegemea nguzo ya mlango kila akitoka garini, uso umekuwa wa majivu, anapumua kwa mdomo. Nikajisemea, kweli Mjomba ni msanii. Msimamizi akasema, “Basi, basi, mzee ataanguka,” akaamuru nirudi mahali pangu. Wiki hiyo ikatoka habari kwamba kazi zile zinabaki za watu wawili.

Ndani ya gari Mjomba aliimba. Aliimba njia nzima na kuniuliza, “Uliniona? Uliniona nilivyomwangushia nati?” Nilimbusu shavuni. Lilikuwa baridi na lina unyevu, na mimi nikadhani ni theluji.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa darasa. Strand alikuwa amekaa mbele siku hiyo, na tulipotoka akanifuata mpaka kwenye maegesho. Nilikuwa nimejitayarisha kumjibu vibaya. Akasema haniombi nimsamehe, kazi yake ni kupima, lakini kuna jambo lazima aniambie.

“Mwambie yule mzee aende hospitali.”

Nikamwambia mzee ni mzima, na kwamba yeye amechezewa akachezeka.

“Najua nilichezewa,” akasema. “Kila siku nachezewa, ndiyo kazi yenyewe. Anayeigiza huangusha vitu ninapomtazama. Mjomba wako nusu saa ya kwanza alikuwa hivyo. Baadaye niligeuka, nikawa namwona kwenye kioo cha gari. Akaanza kuangusha nikiwa nimempa mgongo. Mkono wa kushoto tu. Alikuwa anaushika kwa mkono wa kulia anaupeleka kwenye nati. Na nikigeuka kumtazama anajikaza, anautikisa, anafanya kama mzaha. Mimi sikuandika watu wawili kwa huruma. Niliandika nilichokiona.”

Akapanda gari lake akaondoka. Nilikaa ndani ya langu mpaka vioo vikaingia barafu.

Unaona sasa, Mama Mkubwa? Kazi yetu haikuokolewa na ujanja wa Mjomba. Imeokolewa na ugonjwa wake. Yeye alikuwa anatuigizia afya, sisi tukadhani anaigiza uchovu. Na ugonjwa huo hakuupata Alhamisi ile. Nikaanza kukumbuka: kikombe anachokishika kwa mikono miwili. Kanisani anavyoomba akae mwisho wa benchi, karibu na mlango. Zile nusu saa zote za mitihani, “kaa, kaa, sijachoka,” na mimi nimempa mgongo nasoma juu ya kodi.

Nilimfuata nyumbani kwake kesho yake. Nikamwambia alichosema Strand. Alikasirika kwanza, akasema mtoto wa saa ameanza udaktari. Nikamwomba anyooshe mkono wa kushoto. Hakunyoosha. Akauweka mfukoni, akanitazama.

“Mei,” akasema. “Mei naenda popote unapotaka.”

Hii ndiyo hesabu yake. Akienda hospitali sasa, karatasi itafika kwa daktari wa kiwanda, na daktari wa kiwanda atamwondoa kwenye mstari. Mahali pake ataletwa mgeni. Na mgeni habebi. Hakuna mgeni atakayefanya kazi zangu ili mimi nisome, na muhula huu nina masomo manne na mtihani mkubwa wa mwisho. “Tumetoka wote Alabama hii,” akasema, maana akikasirika husahau tuko Michigan, “tutamaliza wote.”

Nikamwambia basi naacha chuo. Kesho naacha. Mama Mkubwa, katika maisha yangu Mjomba hajawahi kunipandishia sauti, hata siku niliyogonga gari lake. Alisimama, akasema, “Ukiacha utakuwa umenichukulia miaka minne ukaitupa jalalani. Hayo si masomo yako peke yako.” Halafu akakaa haraka, mkono kifuani, akajifanya anakuna. Niliogopa kumkasirisha tena, niliogopa kuondoka, niliogopa hata kumletea maji asije akajua naogopa.

Kwa hiyo tumepatana patano la kijinga, na ndilo tunaloishi nalo sasa. Mimi ndiye ninayebeba. Nusu saa zangu na zake, zote nafanya mimi, nimeng’ang’ania mpaka akakubali. Yeye anakaa nyuma ya mazulia, na kwa kuwa hakubali kukaa bure, ananisomea. Anashika kitabu changu cha uhasibu anasoma kwa kupiga kelele ili nisikie juu ya mashine, miwani puani, maneno mengine anayatamka kama majina ya manabii. Nikikosea swali ananizomea. Lamar naye anajibu siku hizi, na juzi alipata mali na madeni yote sawa, akatembea kifua mbele mpaka mchana.

Ungeona ungecheka. Mimi pia hucheka. Lakini siwezi kumwona nikiwa ndani ya gari. Nasikia sauti tu. Ninainama, nakaza, masikio yangu yote yako kule nyuma ya mazulia. Sijui kama ninajifunza kitu. Nimefaulu jaribio la juzi, kwa hiyo lazima kitu kinaingia, lakini ninachosikiliza si uhasibu.

Sijamwambia Janae. Sijamwambia mwakilishi wa chama, kwa sababu akijua yeye wanajua wote. Mtu mwingine pekee anayejua ni Strand, ambaye tukikutana kiwandani ananipa salamu ya kichwa na kupita mbali na sehemu yetu. Fikiria, nimefika mahali mwenzangu katika siri ni mtu wa vipimo.

Ninakuomba sasa, na ndiyo sababu ya kuandika badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ungesikia sauti yangu na ungempigia yeye kabla sijamaliza. Usimpigie. Ukimpigia atakuimbia wimbo, atakuuliza goti, utakata simu ukiwa umefurahi. Ninamjua, na wewe unamjua zaidi. Panda basi uje. Cleavon akupeleke mpaka Birmingham, mimi nitakupokea hapa, kitanda cha Janae kipo tayari na yeye amefurahi kulala nami. Mwambie Odell umekuja kwa ajili ya mahafali umewahi mno, mwambie goti linataka madaktari wa kaskazini, mwambie lolote. Halafu mshike mkono wa kushoto umpeleke. Mimi ananiona mtoto, Mchungaji anamwona mtu wa maneno, daktari anamwona adui. Wewe ndiye uliyemlea. Ukimwambia avae viatu atavaa.

Kuhusu chuo, usijali kama akitoka na mgeni akaletwa. Nitasoma chooni, nitasoma nikiendesha, nitafeli nirudie. Joho linaweza kungoja Desemba. Sitaki kulivaa Mei huku nikitafuta tai yake kati ya watu nisiione.

Nisalimie Cleavon na Marva na wale mapacha wao, waambie viatu vidogo vya Janae nitavituma wiki ijayo. Msalimie Mama Roberta wa nyumba ya pili, na kama shemasi Hosea bado anaumwa mwambie tunamkumbuka. Janae anakubusu na anasema ukija uje na jamu nyingine, maana ile ya kupasuka haihesabiki. Mungu akushike goti na mkono, akuweke mpaka tuonane, na atangulie mbele ya hilo basi.

Nilitaka kuishia hapo, lakini nikikuficha hili utasema huna haraka. Jana, kabla ya chakula cha mchana, Mjomba alikuwa ananisomea kwa sauti yake ile, na katikati ya sentensi akanyamaza. Mimi nilikuwa nimeinama ndani ya gari, boliti iko nusu. Nikangoja aendelee. Mashine zinanguruma, gari linasogea, yeye kimya. Sikugeuka, Mama Mkubwa. Niliogopa kugeuka. Nikaacha gari lile lipite bila mkanda, la kwanza katika maisha yangu, nimesimama na mashine mkononi natazama ukuta, mpaka nikasikia anakohoa na kusema miwani ilimdondoka.

Njoo. Akinyamaza tena nataka awepo mtu wa kugeuka.

Mimi mwanao akupendaye, ninayekusubiri kituoni kuanzia leo,

Renita